Kamati ya Kuongeza Kumbukumbu

Kwa jina la Mola aliyeiumba kalamu kisha akaiamuru iandike, na sala na salamu zimshukie Mtume wake, aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: familia nzima, majirani wa pande zote, na yeyote mwenye shughuli na sebule yetu, mnatangaziwa kuwa imeundwa Kamati ya Kudumu ya Kuratibu Hatima ya Kompyuta. Hadidu za rejea za Kamati ni moja tu: iamue kama mashine iliyopo kando ya kabati la vyombo iboreshwe au ibadilishwe, ili iendelee kuchezewa michezo. Kwa kuwa jambo lenyewe ni dogo, Kamati imejitengea muda mkubwa, udogo wake usije ukatupita machoni.

Ni wajibu kuwapanga watu kwa daraja zao kabla ya kusimulia matendo yao. Mwenyekiti ni kaka yangu, mwenye nyumba, aliyestaafu akiwa mkurugenzi wa Idara ya Uratibu wa Vikao. Idara hiyo haikuwahi kutoa uamuzi mbaya hata mmoja, kwani haikuwahi kufika hatua hiyo. Alipostaafu aliruhusiwa kuondoka na kiti chake cha kuzunguka, nacho kikawekwa mbele ya kompyuta, mahali ambapo mtu akikaa huona mlango wa mbele, mlango wa jikoni na makosa ya kila mtu. Makamu ni shemeji yangu, mkewe, ambaye huhudhuria vikao akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mjumbe wa heshima ni mama yetu, ambaye nyumba nzima humwita Bibi, mwenye kiti cha dirishani na tasbihi isiyopumzika. Katibu ni mimi. Nilikuwa katibu wa kaka huko ofisini, na alipostaafu sikuona sababu ya kuacha.

Wa mwisho ni binti wa nyumba, ambaye ndiye mcheza michezo mwenyewe. Huyu hakuingizwa katika Kamati, kwa sababu ndiye anayelijua jambo, na mwenye kulijua jambo huelekea kulimaliza.

Jambo lenyewe ni hili. Binti ana kaka yake anayefanya kazi nchi ya mbali, katika ghala la mizigo, ambako saa zake za kulala ni saa zetu za kula. Wawili hao wamefungua shamba ndani ya mchezo. Kila Ijumaa baada ya alasiri, kijana akiwa mapumzikoni, huingia shambani pamoja na dada yake, wakalima, wakafuga, wakagombea trekta, na huku wanazungumza. Sasa watengenezaji wa mchezo wakatangaza kuwa mwezi mpya ukianza, mchezo utavishwa sura nyingine, na mashine dhaifu zitafungiwa nje. Mashine yetu ilikuwa dhaifu. Tayari sauti ya kijana ilikuwa ikikatika katikati ya maneno, nusu ikitufikia, nusu ikibaki huko huko.

"Baba, ikifungwa ndiyo basi," binti alimwambia Mwenyekiti. "Yeye kwenye simu hasemi kitu. Mzima? Mzima. Haya. Lakini akishika trekta anaongea mpaka ya kazini, nani kamkera, kala nini."

"Malalamiko yako yamepokelewa."

"Si malalamiko, Baba. Nakuomba tu."

"Maombi hupitia kwa Katibu."

Nilikuwa nimekaa na binti kochi moja. Akanigeukia. "Baba mdogo, naomba."

Nikamjulisha Mwenyekiti kuwa maombi yamefika. Akaniagiza nimjulishe binti kuwa yanafanyiwa kazi.

Katika kikao cha kwanza aliitwa fundi, mama wa makamo mwenye duka la kompyuta mtaani kwetu, ambaye bisibisi yake huichomeka kwenye kilemba kama wengine wanavyochomeka kalamu sikioni. Aliufungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi likamwangukia Mwenyekiti, kisha akatoa taarifa yake.

"Mzee wangu, ugonjwa wa kawaida huu. Ina upungufu wa kumbukumbu. Ukiiongezea kumbukumbu, na ukaiwekea kadi ya picha yenye nguvu kidogo, inaenda. Au nunua mpya, ninayo dukani, inawaka taa za rangi mpaka kuku wanadhani kumekucha."

"Hiyo kadi ya picha," aliuliza Mwenyekiti, "ni kitambulisho?"

"Hapana, mzee. Ndiyo inayochora picha kwenye kioo."

"Hilo litaundiwa kikosi kazi. Ama huo upungufu wa kumbukumbu, naufahamu vyema." Hapo uso wa kaka ulikunjuka kwa namna ambayo sikuiona tangu siku ya mwisho ya utumishi. "Sijapata kuona taasisi iliyozorota ambayo kumbukumbu zake za vikao zilikuwa kamili. Katibu, ongeza kumbukumbu."

Fundi alifungua mdomo. Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake, naye akaufunga, akafunga na mkoba.

Nilitekeleza. Niliziandika kumbukumbu za kikao kile kwa ukamilifu usio na mfano: mahudhurio, udhuru, yatokanayo na mengineyo. Nikaingiza kikohozi cha Makamu, na paka aliyekatiza ukumbi bila ruhusa ya Mwenyekiti. Na kwa kuwa mwenye upungufu alikuwa kompyuta, Mwenyekiti akaelekeza zihifadhiwe ndani yake. Nikazichapa humo, kisha nikazipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuzihifadhi tena, ili nakala ya kwanza isijihisi mpweke. Kompyuta, ambayo hapo awali ilikuwa ikiwaka kwa muda wa mtu kutawadha, sasa ikawa inawaka kwa muda wa mtu kutawadha, kusali na kuomba dua ndefu.

Mwenyekiti hakutetereka. "Bado hazijatosha," alisema. "Ongeza."

Binti alikuja kuiwasha, akashika kichwa. "Baba mdogo, umejaza nini humu?"

"Kumbukumbu."

"Za nini?"

"Za kikao cha kuongeza kumbukumbu."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Lakini Ijumaa ilipofika hakucheka. Trekta lilisimama hewani, magurudumu yakiwa juu ya mahindi, na sauti ya kijana ikaja kwa vipande ambavyo havikuunganika. Shemeji alikuwa amekwisha kutoka jikoni, amesimama nyuma ya kiti cha bintiye. Ndipo nilipotambua kuwa kila Ijumaa saa kama hiyo husimama hapo, na kwamba chakula cha Ijumaa huungua kidogo.

"Kasema nini?" aliuliza.

"Sijui, Mama. Imekatika."

"Alikuwa bado anakohoa?"

"Sikusikia vizuri."

Shemeji alirudi jikoni. Nikaandika kuwa Makamu aliondoka kabla ya kufungwa kikao.

Mwenyekiti alipoona mambo yanachelewa alitumia dawa iliyomsaidia maisha yake yote: alitoa mwongozo. Alinisomea niandike, huku akijizungusha taratibu kitini.

"Kitu chochote kilichomo sebuleni—"

"Si useme kompyuta tu?" shemeji aliuliza kutoka mlangoni.

"Kompyuta tu ni lugha ya dukani. Mwongozo lazima uwe mpana. Kitu chochote kilichomo sebuleni, ambacho huchelewa kuamka. Hupiga kelele pasipo kazi. Hupata joto kikiulizwa maswali mawili kwa pamoja. Husahau leo kilichoambiwa jana. Na kikiombwa lolote, hujibu 'subiri': kitu hicho kitahesabiwa kuwa kimepitwa na wakati. Kitaondolewa mahali pake, na ama kibadilishwe ama kiboreshwe, kwa uamuzi wa mkubwa wa nyumba."

"Mkubwa wa nyumba ndiye nani?" aliuliza Bibi, macho yake yakiwa dirishani.

"Ni aliye mkubwa, Mama," alijibu Mwenyekiti pasipo kugeuka.

Nikaandika hivyo hivyo. Mwenyekiti akatia saini, akaiangalia saini yake kwa muda, akaridhika nayo.

Kikao cha tatu kilikaa siku ya Alhamisi, na mwezi mpya ulikuwa uanze kesho yake. Mwenyekiti alifungua kwa kutangaza kuwa mjadala umeahirishwa, ili kikosi kazi cha kadi ya picha kipate wajumbe. Binti alianza kuzikunja waya za visikilizio vyake, polepole, kama mtu anayefungasha vitu vya mgonjwa hospitalini.

Mlango ukagongwa, akaingia fundi na mkoba wake.

"Nani amemwita mtaalamu?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mimi," alisema Bibi, akaweka tasbihi mapajani. "Mwanangu, mchezo ukifungwa kesho, mbuzi wangu watanyweshwa na nani?"

"Mbuzi gani, Mama?"

"Wa shambani. Mjukuu wangu alinipa jike na dume, sasa zizi limejaa. Wewe unadhani Ijumaa nakaa hapa kutazama barabara?"

Kaka ni mtu wa kanuni, na kanuni haimjui mama. "Basi Mjumbe wa heshima ana maslahi binafsi," alisema. "Kwa utaratibu, anapaswa kutoka nje ya kikao."

Shemeji aliushusha mwiko.

"Nitatoka," alisema Bibi kwa upole. "Kwanza Katibu anisomee ule mwongozo."

Nilisoma. Kila nilipofika kwenye kituo, Bibi alivuta punje moja ya tasbihi.

"Huchelewa kuamka," alirudia.

"Alfajiri namwita mpaka sauti inanikauka," alisema shemeji.

"Hupiga kelele pasipo kazi."

Kwa heshima, hakuna aliyejibu.

"Hupata joto."

"Mama, hapa tunazungumzia vifaa," alisema Mwenyekiti, akifungua kifungo cha shingoni.

"Wewe mwenyewe umesema kitu chochote kilichomo sebuleni. Tangu ustaafu uko wapi? Husahau leo kilichoambiwa jana."

"Baba," binti alisema, "jana uliniambia leo mnaamua."

"Nilisema?"

"Na kikiombwa lolote," aliendelea Bibi, "hujibu nini?"

"Mama, subiri kidogo," alisema Mwenyekiti.

Nikaandika.

Bibi alivuta punje ya mwisho. "Na mkubwa wa nyumba ni aliye mkubwa. Nilikuuliza, ukanijibu, na saini umetia. Haya, fundi, wewe ndiye mtaalamu. Huyu abadilishwe au aboreshwe?"

Fundi alichomoa bisibisi kilembani. Akamzunguka kaka kwa makini, akainama kutazama nyuma ya kiti, akagonga mgongo wa kiti mara moja na kusikiliza.

"Bibi, mimi nikiona biashara siiachi, lakini kama huyu sina dukani. Na bodi yake bado nzima. Ni vumbi tu, na kukaa sana sehemu moja. Boresheni."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo nayo ilikuwa ya kuboresha tangu siku ile. Ila kwanza mniruhusu nitoe uchafu uliojazwa humo."

Uchafu huo ulikuwa kazi yangu. Nilitaka iandikwe kuwa Katibu hakuafiki, nikakumbuka kuwa mwandishi ni mimi, na kalamu nilikuwa nimekwisha kuiweka kando. Kumbukumbu zangu zilifutwa kwa kidole kimoja. Kisha fundi alichomeka vipande viwili vyembamba kama biskuti, navyo huitwa kumbukumbu, akaweka na kadi yenye feni, akakaza skrubu. Birika la chai lilikuwa halijachemka. Kwa hiyo kumbukumbu ziliondolewa ili kumbukumbu iongezeke, na hadi leo sijapata namna ya kuliandika jambo hilo likakubalika kwenye jalada.

Mwongozo ulitekelezwa kikamilifu. Mwenyekiti aliondolewa mahali pake. Kiti cha kuzunguka akapewa binti, na kaka akapewa kigoda cha jikoni ubavuni pake. Vilevile aliteuliwa kuwa Mnyweshaji wa Mbuzi, akiwajibika moja kwa moja kwa Bibi.

Ijumaa baada ya alasiri, kompyuta iliwaka kabla binti hajamaliza kutamka bismillahi. Shamba likatokea lote, kijani kibichi, na sauti ya kijana ikaja nzima kana kwamba yuko chumba cha pili.

"Nani huyo yuko zizini? Mbona anawapeleka mbuzi mtoni kinyumenyume?"

"Ni Baba," alisema binti.

Huko mbali kukawa kimya. Shemeji alitazama waya, akidhani imekatika tena.

"Baba ameshika kipanya?"

"Nimeteuliwa," alisema kaka.

"Baba, geuza kushoto. Kushoto, Baba. Huko unaingia kwa jirani."

"Subiri."

"Nasubiri, Baba," alisema kijana, akacheka, na kicheko hicho kikafika chote, mwanzo hadi mwisho. Shemeji akatoka mlangoni, akaja akakaa kwenye kochi, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana mwiko.

"Umekula?" aliuliza.

Akamwambia alichokula. Akamwambia kuhusu kikohozi, kwamba kimepungua, na kuhusu msimamizi anayepanga mizigo kwa vikao mpaka magari yanaondoka matupu. Kaka alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Huyo msimamizi, hana mama?"

Katikati ya maneno hayo mbuzi wawili wa Bibi walisombwa na maji. Mwenyekiti mstaafu alipendekeza iundwe kamati ya uchunguzi. Bibi alimwambia awafuate, naye akawafuata. Nilikuwa nimelifungua daftari langu, nikangoja azimio, azimio halikuja. Nikalifunga, nikasogeza kochi karibu ili nisikie.

Basi namwomba Mwenye kujibu maombi bila kuyapitisha kwa katibu awahifadhi waliobaki: kijana huko aliko na kifua chake, dada yake na trekta lake, shemeji kwenye kochi, Bibi na zizi lake, kaka kwenye kigoda chake, na mbuzi wote ambao maji hayajawafikia. Awazidishie kumbukumbu, awapunguzie vikao, na sauti zao asizikate. Amin.