Papa wa Mlango wa Kabati

Jumatatu, 3 Machi
Papa wamerudi! Mlinzi wa ufukwe kawaona watatu mbele ya gati, wakipita zao. Miaka kumi ya marufuku ya kuwavua, na matokeo ndiyo haya. Nimefurahi kama niliyepata mjukuu. Wenzangu wa chama cha waogeleaji wastaafu hawakufurahi. Walikaa mchangani, taulo mabegani, hakuna aliyelowesha hata kidole cha mguu. Nikawaeleza kwa utulivu: papa akitoweka, samaki wa kati huzidi na kuwamaliza wadogo, bahari nzima ikaenda kombo. Nilieleza saa moja na robo. Katibu wetu, fundi cherehani, aliniomba nipumue.

Halmashauri ya mji inataka kutega nyavu za kuwaua. Itaamua Jumatatu ijayo. Sisi tutachagua msemaji Jumamosi. Nani mwingine kama si mimi, niliyefundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja?

Jumanne, 4 Machi
Daktari wa meno mstaafu naye anagombea! Sifa yake: anayajua meno. Watu wakapiga makofi. Nikawakumbusha kwamba papa hahitaji daktari. Meno humdondoka yenyewe, mengine yakaota. Daktari akajibu kwamba ndiyo maana hajawahi kumwona kwenye foleni. Wakaangua kicheko. Mke wangu pia, kisha akajidai anakohoa.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Somo zuri linahitaji kielelezo. Pezi la bandia! Litaibuka, wote watatimua mbio, nami nitabaki majini hadi kifuani, nikieleza: usirushe miguu, usipige maji, rudi nyuma taratibu huku ukimtazama. Papa ataondoka. Kura zote kwangu.

Mbao nimepata: mlango wa kushoto wa kabati la jikoni. Ulikuwa unalia kila ukifunguliwa. Nimemwambia mke wangu nimeupeleka kwa fundi.

Alhamisi, 6 Machi
Pezi nimelichonga na kulipaka rangi ya kijivu, mara mbili. Limependeza mno. Nani atalivuta? Sina wa kumwamini. Nitafunga mshipi wa kuvulia kwenye kifundo cha mguu wangu. Nikisogea mimi, lisogee nalo. Rahisi kabisa.

Ijumaa, 7 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.

Nilitangulia nikalificha nyuma ya boya. Wenzangu walipofika, nikavuta. Likaibuka. Mayowe! Nikaanza kuelekea ufukweni ili nifundishe. Likanifuata. Nakiri: nilipogeuka na kuliona karibu vile, nilisahau nani aliyelipaka rangi. Nikarusha miguu. Nikapiga maji. Kadiri nilivyokimbia ndivyo lilivyonifukuza.

Daktari wa meno akajitosa na mwavuli. Akalitandika mara mbili. Mshipi ukakatika, pezi likabebwa na mkondo. Akanikokota hadi mchangani kwa kwapa, akinibembeleza: tulia Mwalimu, pumua, yameisha. Sasa anawaambia watu kwamba ngozi ya papa ni ngumu kama mbao.

Jumamosi, 8 Machi
Daktari kachaguliwa kwa kura zote. Yangu pia, walikuwa wananitazama. Katika hotuba yake ameahidi kuomba nyavu mara mbili ya zile za halmashauri, kwa ajili yangu mimi, majeruhi. Sina hata mkwaruzo. Papa watatu wasio na hatia watauawa kwa kosa la kabati langu.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu amerudi kutoka matembezini na pezi kwapani. Maji yalilitupa karibu na gati. Akaliweka mezani, bawaba ikinitazama. Akauliza fundi anaendeleaje. Nikaanza kumweleza habari za mikondo ya bahari. Akasema, mzee wangu, kesho utasema wewe au nitasema mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Nimesema. Nilisimama mbele ya halmashauri nzima na mlango mkononi, nikakiri kila kitu. Nilipewa dakika tano, nikatumia arobaini. Kisha mwenyekiti wa halmashauri akacheka hadi akavua miwani. Nyavu zimeahirishwa! Badala yake mlinzi atapewa bendera na darubini, na kibao kitatuonya tusiogelee peke yetu, wala jioni, wala maji yakiwa machafu. Maneno ya kibao nimeyatunga mimi. Wameyapunguza.

Daktari amenuna. Anashikilia kwamba hata hivyo lilikuwa kubwa.

Jumanne, 11 Machi
Tumerudi majini sote. Mlinzi akapeperusha bendera, tukatoka taratibu, bila mayowe, tukamtazama papa wa kweli akikatiza mbali bila haraka, kama bosi anayekagua ghala. Nilitokwa na machozi kidogo. Wenzangu wananiita Bwana Kabati.

Nimetafakari sana kosa langu. Mshipi ulikuwa mfupi. Mita nne hazitoshi. Zinahitajika kumi na mbili, tena nifunge kwenye mguu wa daktari. Mwezi ujao tunachagua mwenyekiti wa chama.

Kabati bado lina mlango wa kulia.