Kampeni Yangu Dhidi ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Wiki ya tatu ya ndoa! Huguette ameniita "chéri" mara mbili kabla sijavaa soksi. Hakuna mwanamume mwenye heri kama mimi katika mtaa wote wa Katuba. Ukutani, kando ya picha ya arusi, ametundika fremu tupu. Ni ya diploma yangu. Kila mgeni anaonyeshwa fremu kabla ya kuonyeshwa kiti.

Shida moja tu: somo la uraia. Serikali, bunge, mahakama, katiba. Huingia kichwani mchana, jioni vimekwisha kuhama. Na shule yetu ya watu wazima imesema wazi kwamba asiyepita uraia hatapelekwa kwenye Exetat, mtihani wa taifa. Bila Exetat hakuna diploma.

Lakini leo Profesa Ngosa ametangaza jambo tamu. Tutajifunza siasa kwa vitendo: darasa litachagua rais wake. Na rais atapewa alama zote za uraia bila kufanya mtihani. Bila mtihani! Niliinua mkono kabla hajamaliza sentensi.

Mkono mwingine uliinuka mstari wa mbele. Sikumtazama mwenyewe. Siruhusiwi. Ni mama mkwe.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Nieleze, kwa ajili ya wajukuu watakaosoma haya. Mama Mwape alilea watoto sita, wa mwisho akiwa Huguette wangu, kisha akarudi shule kutafuta diploma yake. Kwao ni Wabemba. Mkwe mpya hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye moja kwa moja, wala hali mbele yake, mpaka familia imfanyie sherehe ya kumwingiza. Mimi ni Mluba wa kaskazini. Nilikubali yote. Kwa ajili ya Huguette ningekubali hata kutembea kinyumenyume.

Mbinu ya leo: mikate, ile ya mviringo ya kukaanga. Huguette alikaanga beseni zima huku akiimba. Ee, sauti ile! Nikagawia darasa. Ndipo Sylvain, aliyehamia huku mwaka huu kutoka Kinshasa, akauliza kwa nguvu mbona mgombea mwenyewe hali. Ningekulaje, na mama mkwe yuko pale? Nikasema nimeshiba. Tumbo likanguruma, darasa zima likasikia. Mama Mwape naye hakugusa wake, kwa sababu ileile. Sylvain akasema basi, hata mama mkwe wake anaogopa. Mikate ikarudi katika beseni, mmoja mmoja, mingine ikiwa na alama za meno.

Huguette aliuliza kama waliipenda. Nilimwambia imekwisha. Ni kweli. Niliimaliza mwenyewe njiani.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Mdahalo wa wagombea! Nilisimama nimeelekea ramani ya Kongo. Mama Mwape alielekea dirisha. Kati yetu alisimama rafiki yangu Kiki, fundi wa simu na mwanafunzi mwenzetu, maana maneno ya mkwe na mama mkwe lazima yapitie kwa mtu. Mimi ndiye niliyemchagua. Mbinu safi: Kiki ana sauti nzuri.

Nilinong'ona kwamba nitaleta chaki. Kiki akatangaza kwamba chaki itafika, nyeupe kama meno ya bibi arusi. Makofi! Mama Mwape alinong'ona kwamba chaki ipo, kinachokosekana ni ufagio. Kiki akatangaza ufagio mpaka mzee mmoja akasimama na kupiga mluzi. Nikajibu, Kiki akapamba. Mama akajibu, akapamba. Nilitoka jasho la furaha. Sijawahi kusema vizuri namna ile.

Jumatatu, tarehe 12 Mei

Kura. Kila mtu aliandika jina alitakalo. Kiki kura ishirini na moja. Mama Mwape saba. Mimi mbili.

Kiki hakuwa hata mgombea! Anasema anashangaa kuliko mimi. Ameshavaa tai.

Kura moja niliipiga mwenyewe. Ya pili ni ya nani? Kuna mtu katika darasa lile anayetambua kipaji. Nimewaza jioni nzima. Huguette ameipangusa fremu vumbi. Mtihani ni wiki ijayo.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Mbinu mpya, na ni bora kuliko zote! Mama Mwape anaijua katiba kama sala ya Baba Yetu. Nikikaa karibu naye, nitapita. Lakini mkwe hakai karibu. Basi nilimwomba Huguette aharakishe sherehe. Nilisema nina hamu ya kuiona sura ya mama aliyemzaa. Alilia kwa furaha. Nami nikalia kidogo, maana ilikuwa nusu kweli.

Leo wameniingiza. Bukari, yaani ugali wetu, kuku mzima, samaki wa ziwani kutoka Kilwa ya huku kwetu, shangwe za mashangazi. Wakaniambia nitazame. Nikatazama. Macho ni ya Huguette! Yaleyale, ila hayapepesi.

Jumanne, tarehe 20 Mei

Nilikaa kando yake. Swali la kwanza, mgawanyo wa madaraka: nikanakili vizuri. Swali la pili: nikainamisha shingo kidogo. Ndipo mama mkwe, kwa mara ya kwanza maishani, akasema nami bila kupitia kwa mtu.

"Weye Donat! Ile kuku tulikupikia, ilikuwa ya kukuonyesha sura yangu ao karatasi yangu?"

Darasa lote lilikufa kwa kicheko. Hakunyamaza. Alikuwa na maneno ya wiki tano, yote akayatoa. Mwisho akasema: "Na ile kura yako ya pili ni miye nilikupa. Nilikuonea huruma, mukwe!"

Profesa Ngosa amenipa sifuri. Exetat, mwaka ujao.

Jumamosi, tarehe 24 Mei

Huguette alilia, kisha akanibusu, kisha akasema fremu haiozi. Malaika! Mama Mwape ameamuru niende kwake kila alasiri anifundishe katiba. Sasa anaruhusiwa kuniamuru, na hakuna sherehe ya kuniondoa. Nimeuliza.

Leo alinifundisha saa mbili nzima kwa nini wananchi huchagua watu wa kuwasemea. Sikusikia sana. Nilikuwa nikichora bango la kampeni ya mwaka ujao. Limetoka zuri, limeenea katika fremu bila kukatwa. Huguette anasema nimependeza.

Mwaka ujao lazima nishinde. Kosa langu nimelijua: mikate ilikosa sukari.

Kiki amekubali kunisemea tena.