Kamanda Radi Apungukiwa Nguvu

Kasto na Viktori,

Leo nimeaibika mbele ya Kibaoni nzima. Nawaandikia leo leo, kabla basi la kesho halijawaletea habari hizi huko kiwandani zikiwa zimetiwa chumvi.

Mnakijua kikundi chetu cha maigizo. Tumetunga shujaa mpya, Kamanda Radi, anayepigana na mbu. Ana vazi la chuma (madebe mawili ya mafuta ya kula, yamekatwa na kupakwa rangi ya fedha), kofia ya chuma (sufuria ya mama) na taa kifuani. Kwenye mchezo, vazi hilo linavuta nguvu moja kwa moja kutoka kwenye jua. Ukweli ni kwamba linavuta kutoka kwenye betri nne za tochi, nilizozifunga kiunoni ndani ya soksi.

Asubuhi nikaanika betri zangu juu ya bati. Nikazigeuzageuza kama dagaa. Saa sita nikaziuma moja moja, kama tunavyofanya wote, ili zitoe uhai wa mwisho. Nikajaribu taa. Giza! Dukani nako betri zimekwisha.

Yustina akanionea huruma. Mnamkumbuka Yustina, nilipeleka barua ya posa kwao wiki mbili zilizopita na mpaka leo hatujajibiwa (tangu hapo chakula hakipiti). Akanitolea betri nne kwenye redio ya baba yake, Mzee Agapiti. Akasema mzee yuko shambani Mofu, harudi mpaka kesho. Nikazidi kumpenda.

Saa kumi mchezo ukaanza. Uwanja umejaa. Nikatokea, taa ikawaka, watu wakashangilia, kichwa kikanivimba mpaka sufuria ikabana. Nikatoa maneno yangu kwa sauti nene:

"Mimi ni Kamanda Radi! Nguvu zangu zinatoka juani, simwombi mtu!"

Mara wingu likafunika jua. Mama mmoja aliyekaa mbele akauliza mbona jua limejificha na mimi bado nawaka. Nikamjibu kwamba nimeweka akiba. Wakanipigia makofi. Hapo ningenyamaza. Lakini mimi tena! Nikaongeza kwamba akiba hiyo inanitosha mwaka mzima.

Ndipo nikamwona Mzee Agapiti.

Amesimama nyuma ya watu na baiskeli yake, matope ya Mofu mpaka magotini, redio kwapani. Baadaye nilisikia kwamba aliwahi kurudi kwa ajili ya mpira, akaikuta redio bubu, akaamua kuipeleka kwa fundi bila hata kuifungua. Na njia ya kwenda kwa fundi inapita uwanjani kwetu (bahati yangu hiyo).

Nikageuka haraka tusitazamane. Mbu, yaani Athumani mwenye mabawa ya mwavuli mbovu, akadhani nimesahau mchezo, akanirukia. Soksi ikapasuka. Taa ikazima. Betri zikaanza kushuka ndani ya suruali, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zinadondoka chini kama mbuzi anayejisaidia. Ya nne ikabingirika taratibu mpaka kwenye ndala ya mzee.

Akaiokota. Akaigeuza. Ina alama za meno, kama betri ya mtu yeyote hapa Ifakara. Tatizo ni kwamba Mzee Agapiti hana jino moja la mbele, na alama zile zilikuwa na pengo. Akaipeleka mdomoni, akaipimisha. Ikakaa sawasawa.

"Hii nimeiuma mimi," akasema.

Akaja akaziokota na zile tatu, akazitia redioni palepale. Redio ikaanza kutangaza mpira. Watazamaji wangu wote wakanihama wakamzunguka yeye. Hata mbu alikwenda! Nikabaki peke yangu katikati ya uwanja, ndani ya madebe, siwezi kukimbia wala kukaa.

Kisha mzee akampa mtu redio amshikie, akanifuata. Nikataka kuinama nimwamkie kwa adabu, debe likanichoma tumboni. Nikamwamkia wima kama nguzo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe si ndiye uliyeniandikia barua?"

"Ndiyo, baba."

"Hebu rudia. Umesema nguvu zako zinatoka wapi?"

Aliyeshika redio akapunguza sauti (sijui nani alimtuma). Uwanja mzima ukanigeukia. Niliogopa kweli, jamani. Nikaiona barua yangu ikiwashiwa moto jikoni, na Yustina akiolewa na mwanamume mwenye betri zake mwenyewe. Uongo wote ukanikauka.

"Zinatoka kwako, baba."

Mzee akatazama pembeni. Nikaona mabega yanamtikisika. Alipogeuka alikuwa amekunja uso, lakini lile pengo lilikuwa linaonekana lote.

"Kesho waje wazee wako wachukue majibu," akasema. "Na kwenye mahari waongeze katoni ya betri. Mpya. Sitaki zilizopita kwenye mdomo wa mtu."

Akarudi kusikiliza mpira wake.

Kwa hiyo nimepata mke, nikiwa na sufuria kichwani. Mkicheka, pilau hamtaionja.