Kulabu Isiyofunguka

Jumatatu, 3 Machi

Nina siku tano za kumfurahisha mama mkwe. Zinatosha! Kuna watu wamejenga nyumba kwa siku tano. Nyumba ndogo.

Alikuja dukani asubuhi na kitambaa cha bluu, zawadi ya wanafunzi wake. Jumamosi anastaafu ualimu mkuu na atahutubia shule nzima. Anataka gauni refu, kola ya kusimama, mgongo ufungwe kuanzia shingoni hadi kiunoni. Yote haya aliyasema akiitazama pasi, si mimi.

Najua kwa nini. Mwaka jana, siku ya kugawa zawadi, nilimshonea gauni la kulabu na vitanzi. Vya kawaida, vya dukani. Akainua mkono kuwanyamazisha watoto. Kulabu ya shingoni ikaachia, ya pili ikaifuata, na mgongo wote ukafunguka kama mlango wa kabati. Watoto walidhani ni sehemu ya ratiba. Wakapiga makofi! Mama mkwe hajalitaja jambo hilo hata siku moja. Huniangalia tu vidole ninapomimina chai.

Leo kasema wazi. Chumba hiki cha mbele, ninamoshonea, ni chake. Shemeji yangu anakitaka aweke mashine ya kutoa kopi. Gauni likishika, chumba ni changu mpaka nizeeke. Likifunguka tena, mimi na cherehani yangu tutafute pa kwenda.

Nikamwahidi kulabu isiyofunguka. Maneno yalitoka yenyewe, sikuyatuma. Mama mkwe akasema haya, tutaona.

Ng'ambo ya barabara Madam Zipu alikuwa amesimama mlangoni kwake, masikio yote nje. Naye ni fundi, ila hajui kushona kitu bila kukitia zipu. Akapaza sauti kwamba yeye angemaliza kabla ya saa sita. Bahati nzuri mama mkwe hapendi zipu. Iliwahi kumng'ata.

Jumanne, 4 Machi

Nimevumbua!

Si kwa mara ya kwanza, nakubali. Kulabu ya kwanza niliikunja ndani zaidi, nikaishona kwenye shati langu, nikakohoa, ikafunguka. Ya pili sitaki kuizungumzia. Ya tatu ndiyo yenyewe. Mdomoni mwa kulabu nimeweka ulimi mdogo wa chuma unaojirudi. Kitanzi kikishaingia, ulimi unaruka na kukifungia njia. Tiki! Vuta, tikisa, ruka kamba, wapi!

Kufungua ni rahisi mno. Unapenyeza ukucha chini ya ulimi, unainua, unasukuma kushoto. Basi. Mimi naweza hata nikiwa nimefumba macho. Ukucha wa kidole changu kidogo nimeufuga tangu nikiwa najifunza ufundi, kwa kufumulia mishono. Mrefu, mgumu, mzuri. Mke wangu hataki kuuona mezani, lakini yeye si fundi.

Nikaijaribu kulabu kwenye mto wa kulalia. Nikakanyaga upande mmoja, nikavuta wa pili kwa mikono miwili. Mto ukapasuka. Kulabu haikutingishika! Nilikaa katikati ya pamba nikicheka peke yangu kwa furaha.

Chuma nilikipata kwenye mwavuli wa mke wangu. Mchana, akijiandaa kwenda zamu hospitalini, akauliza mbavu za mwavuli wake zimekwenda wapi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mvua hainyeshi leo.

Ikanyesha.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa kweli huacha wengine waijaribu kazi yake. Nikamwomba mke wangu afungue kulabu moja tu. Hakutaka. Alisema mikono yake ni ya wagonjwa, si ya vyuma vilivyoua mwavuli. Bado ana kinyongo. Nimemwachia nafasi.

Mara akaingia Madam Zipu, eti anaazima chaki ya kuchorea. Chaki! Anazo za kila rangi. Alikuja kuchungulia. Akaiokota kulabu mezani bila kukaribishwa, akaigeuzageuza, akapenyeza ukucha mmoja mwekundu. Hubandika kucha za bandia, ndefu kweli, na huziuza pia kwenye kabati la kioo pale kwake. Tiki, ikafunguka. Akaifunga. Akaifungua tena. Akasema ni kakitu kazuri, ila zipu ni zipu.

Damu ilinichemka. Nilimpa kipande cha chaki kilichovunjika.

Baadaye, nikipiga pasi, nikaona mwanga. Kumbe kanisaidia! Ikiwa hata mpinzani wangu ameifungua bila kuelekezwa, basi yeyote anaweza. Tumejaribu watu wawili, wote tumefaulu. Sihitaji jaribio jingine.

Mgongo wa gauni utakuwa na kulabu tisa.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amekuja kupimwa. Kwa heshima, sijawahi kuugusa mgongo wake na Mungu aniepushe nisije nikaugusa. Kwa hiyo tulifanya kama siku zote. Yeye na mke wangu nyuma ya pazia, mimi nje nimeelekea ukuta, mke wangu ananisomea vipimo kwa sauti na mama mkwe anavikanusha. Kiuno tulikijadili kwa muda. Nimeandika anachotaka yeye na nitashona ninachojua mimi.

Walifunga mgongo kwa pini tu, maana kulabu zilikuwa bado mfukoni mwangu. Nimezishona jioni hii, zote tisa, kwa uzi mara nne. Gauni limetulia. Nililitundika mlangoni, upande wa barabara, Madam Zipu apate kuliona vizuri.

Mke wangu akaniuliza mama atalivuaje. Swali gani hilo? Nikamweleza kwamba gauni lililopita lilivulika kirahisi sana na ndiyo maana tuko hapa. Akasema sawa, yeye kauliza tu.

Jumamosi, 8 Machi, mchana

Ushindi!

Naandika nikiwa bado na viatu vya sherehe. Asubuhi mke wangu alimfunga mama yake kulabu zote, tiki tiki tiki mpaka shingoni, na alikiri kwamba kuzifunga ni raha. Ukumbi ulijaa. Shemeji alikaa mbele kabisa, na nina hakika moyoni alikuwa anapanga mashine yake itakaa pembe gani.

Mama mkwe akapanda jukwaani. Akainua mkono wa kulia. Nikafumba macho. Kimya! Akainua yote miwili. Kimya! Akainama kuokota miwani, walimu wawili wanene wakamkumbatia kwa pamoja, mjukuu akaning'inia kwenye kola. Hakuna kilichoachia. Nilitokwa machozi, na sikuona haya.

Kisha akanyoosha kidole mpaka nilipokaa, akasema gauni hili ni kazi ya mkwewe, na kwamba chumba cha mbele ni changu kuanzia leo. Mbele ya shule nzima! Shemeji alipiga makofi kwa vidole viwili. Mimi nilivimba, nikasahau hata kula keki.

Sasa tunaelekea kwa mama mkwe. Joto kali, anataka kubadilisha nguo apumzike.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Kumetokea jambo dogo.

Wanawake waliingia chumbani na mama mkwe. Mimi nilibaki sebuleni, nimekunja nne kama mwenye nyumba. Ikapita muda. Nikasikia mke wangu akisema ngoja. Kisha shangazi yake akasema ngoja. Kisha mama mkwe akauliza kwa ile sauti ya mwalimu mkuu nani alitengeneza hivi vidude.

Mke wangu hukata kucha zake mpaka kwenye nyama, ni sheria ya hospitali. Shangazi ni mkulima, hana kucha kabisa. Mama mkwe amesugua ubao miaka yote, zake zimelika. Wakajaribu kijiko. Wakajaribu pini, ikapinda. Wakajaribu kisu, mama mkwe akapiga kelele. Mkasi haukutajwa mara ya pili. Kitambaa ni zawadi ya wanafunzi wake, na mkasi hautakigusa yeye akiwa hai.

Nikaelekeza kutoka mlangoni, mgongo nimewageuzia. Inua ulimi, sukuma kushoto! Wakauliza kushoto kwa nani. Nikajiuliza hata mimi.

Mke wangu akatoka, jasho linamtiririka, akasema niingie nifungue mwenyewe na huo ukucha wangu maarufu. Kabla sijajibu, mama mkwe akatangaza kutoka ndani kwamba hakuna mkwe atakayemvua nguo katika dunia hii. Yuko radhi kulala nalo. Yuko radhi kuzikwa nalo. Nikatoa wazo la heshima kabisa: nipenyeze kidole kimoja tu katikati ya mapazia ya mlangoni, yeye arudi nyuma taratibu. Shangazi akaangua kicheko. Mama mkwe hakucheka.

Basi mke wangu akachukua hatua ambayo sitaisahau. Akamwita Madam Zipu.

Alikuja na kucha zake kumi. Hakuniangalia hata. Akaingia, na nikasikia kulabu zangu zikisalimu amri moja baada ya nyingine, tiki, tiki, mpaka ya tisa. Kisha mama mkwe akashusha pumzi ambayo nadhani ilisikika hadi shuleni. Kisha wote wakaanza kucheka, mama mkwe kuliko wote. Madam Zipu akapita mbele yangu akitoka, akaniambia gauni limeshonwa vizuri sana. Hakuna aliyewahi kuniumiza namna hiyo.

Nilisimama tayari kukipoteza chumba. Lakini mama mkwe alitoka na kanga yake, akaketi, akasema kweli ni kweli: gauni halikufunguka, na hilo ndilo tulilokubaliana. Chumba ni changu. Ila nisiweke tena kulabu yangu kwenye nguo ya mtu yeyote. Na huo ukucha ukatwe kesho. Kama ungekuwa mfupi kama wa watu wengine, alisema, ningejua mapema.

Sikuelewa sehemu ya mwisho. Lakini chumba ni changu!

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu ameukata ukucha baada ya chai, mwenyewe, huku akiimba. Miaka yote ile, na umekwenda kwa mlio mmoja. Nimekihifadhi kipande kwenye kopo la vifungo. Kidole kinahisi baridi.

Hata hivyo nina raha. Chumba kimetulia, jua linaingia hadi kwenye meza ya kukatia. Nimemnunulia mke wangu mwavuli mpya. Ameuficha.

Jumanne, 11 Machi

Ahadi ni ahadi. Mama mkwe alisema nguo ya mtu yeyote. Mtu, yaani mwingine. Suruali yangu hakuitaja.

Nimekifumua kifungo cha kiunoni na kuweka kulabu mpya yenye ndimi mbili. Tiki tiki! Suruali imeshika kiuno, raha tupu, mkanda wa nini? Nikanywa chai. Nikatembea barabarani mikono juu, watu wakaniuliza nimeshikwa na nani. Nikarudi, nikanywa chai nyingine, na ya tatu kwa kujipongeza.

Ndipo nikakumbuka ukucha uko kwenye kopo la vifungo.

Nikajaribu kijiko. Nikajaribu pini, ikapinda. Nikajaribu kukishika kile kipande cha ukucha kwa koleo, kikavunjika. Mke wangu yuko zamu hadi jioni. Chai haikuwa na subira hiyo.

Nilivuka barabara kwa hatua fupifupi. Madam Zipu alinitazama usoni, akanitazama kiunoni, akaniuliza kwa upole kama ni kulabu tisa tena. Nikasema ni moja tu. Hakucheka, kwa sifa yake. Alifungua kabati la kioo, akanibandika ukucha mmoja mwekundu kwenye kidole kidogo, akasema ni zawadi, nikimbie. Nilikimbia. Ilifunguka. Ahsante Mungu!

Sasa nimekaa, nimetulia, ni mtu mwenye furaha. Tatizo ni huu ukucha mwekundu. Hautoki. Nimeulowesha kwenye maji ya moto na sabuni, nimeuvuta kwa koleo mpaka nikaona nyota. Umeng'ang'ania vilevile. Nikamrudia Madam Zipu. Akasema gundi yake huachia yenyewe baada ya wiki mbili, tatu.

Wiki mbili! Haiachii kwa maji, wala sabuni, wala koleo!

Nimemuuliza chupa ya gundi hiyo anaipata wapi. Kanipa moja. Iko hapa mezani mbele yangu na nusu imeshatumika, kwani nimemkatia mama mkwe blauzi ya zawadi kwa kitambaa kilichobaki. Jumamosi ana kikao cha wastaafu, ataivaa. Mgongo wote utafungwa kwa gundi, kuanzia shingoni hadi kiunoni, na hakuna kitakachoachia hata akumbatiwe na ukumbi mzima.

Haina kulabu hata moja. Nimetimiza ahadi.