Mahafali ya Kwanza ya Chuo cha Kutunza Wazee

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi. Mheshimiwa Makamu wake. Mheshimiwa Katibu, ambaye ameshindwa kufika lakini kiti chake kimefika. Bi Msimamizi wa Nyumba ya Wazee iliyo jirani na ukumbi huu. Waheshimiwa wadau wa sekta, wadau wa sekta ndogo, na wadau ambao sekta zao bado zinatafutwa. Wahitimu mliopendeza ndani ya majoho. Na kwa namna ya pekee kabisa mama yangu mzazi, Bi Mkubwa, aliyeketi hapa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu pamoja na dada anayemtunza, ambaye mtaa mzima unamwita Dada Mikono: itifaki imezingatiwa. (Makofi.) Na kama kuna mheshimiwa niliyemruka, basi naye ajihesabu amezingatiwa.

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi Mwandamizi Msaidizi wa Idara ya Uratibu wa Ustawi, kwa moyo mkunjufu na suti mpya, kuja kuzindua, kutathmini na kuhitimisha kwa wakati mmoja, jambo ambalo halijawahi kufanywa na mkurugenzi yeyote kabla yangu, Chuo chetu cha Wataalamu Wasaidizi wa Huduma za Kibinafsi za Kibinadamu. (Sauti kutoka nyuma: "Ndiyo nini hicho?") Swali zuri. Kwa lugha ya kawaida ni wale watu wanaomwogesha, kumlisha, kumvika na kumgeuza kitandani mtu asiyeweza kujifanyia mwenyewe. Kwa lugha ya idara ni rasilimali watu ya mguso wa moja kwa moja. (Makofi ya watu watatu waliokaa pamoja.)

Mradi huu ulianza kama ndoto yangu, ndoto ikawa andiko, andiko likazaa semina, semina ikazaa warsha, na warsha ikazaa safari yangu ya mafunzo ya siku kumi na nne, ambako nilijionea kwa macho haya kitanda kinachopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Nilikibonyeza mara sita. Tangu hapo fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu, imekamilika kwa asilimia tisini na tisa, rodi mapu ya utekelezaji imechorwa kwa rangi nne, na mtaala una modyuli kumi na saba, ikiwamo modyuli ya kuandaa modyuli. Takwimu zinaonyesha kiwango cha kufaulu ni asilimia mia moja na nne, kwa maana wapo waliofaulu kabla hawajajiandikisha. (Kicheko.) Msicheke, hiyo ndiyo kasi yetu.

Sasa nimsikilize Dada Mikono, maana amenyoosha mkono tangu nilipokuwa namtaja Makamu Mwenyekiti. ("Mheshimiwa, mimi nilijaza fomu ya chuo hiki miaka miwili iliyopita. Nyumba ya Wazee wananitaka, ila wanataka cheti, na nafasi inafungwa leo jioni. Darasa liko wapi?") Dada yangu, subira huvuta heri. Fomu yako haijapotea, iko kwenye mchakato. Niliiona mwenyewe chini ya faili ambalo nalo lilikuwa chini ya kikombe changu cha chai. Suala la cheti tutalifikia, na kuhusu darasa, darasa ni dhana pana.

Waheshimiwa, maneno matupu hayavunji mfupa, kwa hiyo sasa ninawaletea praktikali. Mbele yenu kuna kitanda chenye shuka jeupe. Mimi mwenyewe, bila msaidizi, nitamhamisha mama yangu kutoka kwenye kiti hadi kitandani kwa mbinu ya kimataifa ya kunyanyua kwa makwapa. Wapiga picha, sogeeni. Moja, mbili... (Kiti kinarudi nyuma na kugonga meza ya waheshimiwa. Jagi la maji linamwagikia suruali ya Mkurugenzi.) Hakuna tatizo. Kiti kimeonyesha uwezo wake wa kutembea. (Bi Mkubwa: "Mwanangu, hujafunga breki. Wala hujaniambia unanipeleka wapi. Mimi si gunia." Kicheko kirefu.)

Naona Dada Mikono amesimama bila kuitwa, jambo ambalo kiitifaki tulifumbie macho. Amekisogeza kiti ili mguu wenye nguvu uwe upande wa kitanda. Amefunga breki, kushoto na kulia. Amechuchumaa mbele ya mama mpaka macho yao yamekuwa sawa. ("Bi Mkubwa, nataka tuhamie pale kitandani. Goti la kushoto linasemaje leo?" "Linalalamika, lakini twende.") Ameziweka nyayo za mama sakafuni vizuri, amemwinamisha mbele kidogo, wamehesabu pamoja mpaka tatu, na mama amekaa kitandani. Shuka halijakunjamana. Ndugu zangu, huyu mama ndiye aliyenizaa, na sikujua kwamba goti linalomsumbua ni la kushoto. Nimeona aibu, na nimesema hivyo kabla sijakumbuka kwamba kipaza sauti kiko wazi.

("Kanuni ni moja, Mheshimiwa," anasema Dada Mikono. "Mwambie kwanza, ndipo umguse.") Moja tu? Sisi tuna modyuli kumi na saba. (Kicheko.) Naona wahitimu wameanza kuja mbele. Wahitimu, rudini kwenye viti. (Hawarudi. Mmoja anauliza shuka hubadilishwaje mtu akiwa amelala juu yake. Bibi yake yuko kitandani tangu mwaka jana.) Haya, Dada, waonyeshe kwa dakika mbili. (Dakika ishirini. Bi Mkubwa anageuzwa ubavu huu na ule huku akiwasahihisha.)

Bi Msimamizi naye anataka neno. ("Cheti nilikuwa nakidai kwa sababu sijawahi kumwona huyu dada akifanya kazi. Sasa nimemwona. Aje kesho saa mbili asubuhi, na jioni awafundishe hawa wenzake.") (Ukumbi unasimama. Dada Mikono anajifuta macho kwa pembe ya shuka.) Ninazipokea pongezi hizo kwa niaba ya chuo. (Bi Mkubwa: "Chuo gani?") Mama, tutazungumza nyumbani. ("Nyumbani na nani? Dada akiwahi kazini, wewe ndiye utakayenitoa kitandani. Kwa hiyo mwanafunzi wake wa kwanza ni wewe. Uje na aproni, suti iache.")

Kabla sijamaliza, muungwana hushukuru. Ninamshukuru fundi seremala aliyetuazima kitanda, na ninamhakikishia kitarudi dukani kabla ya saa kumi, mteja aliyekiagiza akija akikute. Ninamshukuru mchora mabango aliyeandika jina la chuo kwenye kitambaa, kwa kuwa ukuta wa kuliandika bado. Ninawashukuru vijana wa darasa la ushonaji hapo jirani, walioshona majoho haya na kukubali kuyavaa ili viti visionekane vitupu. Ninawashukuru wakufunzi wote, ambao tutawatafuta. Ninamshukuru mwenye kiwanja, ambaye anaendelea kulima maharage pale panapoonekana jengo letu kwenye picha ya andiko la mradi. Na zaidi ya yote ninakishukuru chuo chenyewe kwa uvumilivu, maana huu ni mwaka wa nne ninakihutubia na hakijalalamika hata siku moja kwamba hakipo.

Nikisema shuka, ninyi semeni safi. Shuka. ("Safi.") Breki. ("Funga.") Mkurugenzi. ("Aproni.") Hiyo haikuwamo kwenye ratiba.

Na sasa, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, ya Makamu wake na ya kiti cha Katibu, natamka rasmi kwamba mahafali yamefungwa na masomo yameanza. Mama, nataka kukurudisha kwenye kiti chako. Breki nimefunga, zote mbili. Goti la kushoto ninalikumbuka. Naomba ruhusa nikuguse. (Bi Mkubwa anamtazama Dada Mikono. Dada Mikono anaitikia kwa kichwa. "Haya, mwanangu, njoo. Polepole.")