Taa ya Njano ya Mama Kokoto

Sindano aliiona taa kabla hajamwona mwenye lori. Alikuwa anakatiza uwanja wa malori asubuhi, juu ya pikipiki aliyoazimwa na mama mkwe wake, akinusa riziki. Kupitia mlango ulioachwa wazi, kwenye dashibodi ya lori la tani kumi, taa ya injini ilikuwa inawaka njano kama kiini cha yai.

Wengine wakiiona taa hiyo huona hasara. Sindano, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake na kwa kuwa aliowachoma walihisi maumivu baadaye, aliona chakula cha mchana. Cheti cha ufundi hakuwa nacho, lakini ovaroli yake ilikuwa safi, na kwa uzoefu wake ovaroli safi ni nusu ya cheti. Nusu nyingine ni ulimi.

Kando ya lori, juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwanamke mnene wa makamo alikuwa anajipepea kwa kipande cha boksi. Huyo alikuwa Mama Kokoto, muuza kokoto na mchanga. Dereva wake, ambaye pia ni shemeji yake, alikuwa ameegemea tairi akitafuna njiti ya kiberiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza kitu, pita. Leo nina roho mbaya."

"Siuzi, mama. Ila daktari hapiti mgonjwa njiani." Sindano akaelekeza kidevu kwenye dashibodi.

"Ile? Mwezi mzima inanitolea macho. Shemeji kaiziba kwa plasta, ikaendelea kuwaka humo humo ndani ya plasta."

"Plasta ilikuwa nyembamba," shemeji akajitetea.

Sindano akatoa mashine yake ya kusoma makosa ya injini, kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho maishani, akaichomeka chini ya usukani. Mashine ikasema: sensa ya oksijeni haileti habari. Akalala chali, akajisukuma chini ya lori na tochi mdomoni, akafuata bomba la moshi mpaka ilipo sensa. Ilikuwa nzima kabisa. Soketi ya waya wake tu ndiyo ilikuwa imechomoka, inaning'inia. Kuirudisha ni kazi ya vidole viwili.

Dhamiri ikamgusa bega. Akaipangusa kama vumbi.

Alipotoka chini ya lori alikuwa na uso wa mtu anayepeleka habari za msiba.

"Mama, una mtu wa kukushika?"

"Sema tu, mwanangu."

"Sensa ya oksijeni imekufa. Hii ndiyo pua ya injini. Inanusa moshi, inaiambia injini inywe mafuta kiasi gani. Sasa pua imekufa, injini inakunywa kama mlevi asiyeona chupa inaisha. Imeshaungua matumbo. Wiki moja, mbili kwa rehema za Mungu, inazima moja kwa moja."

Mama Kokoto akaangua kilio cha kutikisa ndoo. Shemeji akavua kofia.

"Nifanyeje mimi mjane?"

"Ningekuwa wewe, ningeliuza likiwa bado linapumua."

"Nani atanunua maiti?"

Sindano akavuta pumzi ndefu, ya mtu anayekaribia kujitoa mhanga. "Mama, nimekuonea huruma. Nitalichukua mimi, niuze vyuma vyake chakavu." Akataja bei ambayo hata baiskeli ingeona aibu.

"Weka na hiyo pikipiki," akasema Mama Kokoto, kilio kikiwa kimepungua ghafla.

"Hiyo ni ya mama mkwe wangu," Sindano akasita. Mama mkwe wake alikuwa mtu wa maneno machache, na yote makali. Lakini lori! Lori zima la tani kumi, kwa ugonjwa wa soketi! Akajiona amekaa kibarazani, tumbo limetokeza, mama mkwe akimkaribisha kiti. Akatoa akiba yake yote kutoka mfuko wa ndani, akaweka funguo za pikipiki juu yake. Mama Kokoto akaandika hati ya mauzo, akamkumbatia, akajifuta machozi kwa mkono wa ovaroli ya Sindano.

Alipokata kona na lori lake jipya, Sindano akasimama, akaingia uvunguni, akabana soketi: tap! Akafuta kosa kwa mashine. Taa ikazima. Akapiga honi tatu bila sababu.

Honi ya nne hakuifikia. Kwenye mlima wa kwanza giaboksi ikaanza kulia kama sufuria la misumari. Moshi wa bluu ukajaa barabara. Lori likakohoa, likatetemeka, likasimama kimya, huku taa ya njano ikiwa imezima, safi kabisa, kama haijui lolote.

Akafungua nati ya giaboksi. Badala ya oili, ukatoka uji mzito wa oili na unga wa mbao. Sindano akakaa chini. Unga wa mbao hutiwa kwenye giaboksi iliyokufa ili inyamaze siku mbili tatu. Na soketi ile haikuwa imechomoka. Ilichomolewa.

Haikutimia nusu saa, gari la kukokota likafika. Shemeji akateremka akitafuna njiti. Nyuma, pikipiki ilikuwa imefungwa kwa kamba.

"Umefika mbali," akasema shemeji kwa heshima. "Wengine husimama pale chini. Mama anasema: lori utuachie, pikipiki uchukue. Huwa hatukai na mali za wakwe, zina kelele."

"Na akiba yangu?"

"Hiyo haina mkwe."

Sindano akasaini hati ya kulirudisha lori, maana hakuna la kufanya. "Mimi ni wa ngapi?"

"Wa sita mwaka huu. Mkweli hutuambia soketi imechomoka, tunamshukuru, anakwenda zake. Mjanja ndiye hununua."

Sindano akamtazama akiingia uvunguni na kuichomoa tena soketi kwa vidole viwili. Moyo ulimuuma, lakini akashindwa kujizuia kuvutiwa na kazi safi.

"Shemeji," akasema taratibu, "hamhitaji fundi?"

Kichwa cha shemeji kikachungulia kutoka chini ya lori, kwa mshangao wa kweli.

"Fundi wa nini? Lori hili likipona, tutakula nini?"