Farasi Arobaini wa Iksan

Iksan hakuwa mwizi. Wizi unataka mtu wa kukesha, na Iksan alipenda usingizi wake. Yeye alikaa tu kwenye kibanda cha kahawa bandarini Bastiong, hapo kisiwani Ternate, akitega sikio mpaka mtu alalamike.

Asubuhi hiyo aliyelalamika alikuwa Bi Nurlaila, mwenye boti ya kuvusha abiria kwenda kisiwa jirani cha Tidore. "Hii mashine yangu ya nguvu za farasi arobaini inabwia petroli kama imelogwa. Na nikifunga ndogo, tutafika kesho!"

Moyo wa Iksan ukaruka. Alikuwa na mashine ya farasi kumi na tano, aliyoinunua kwa kuuza pikipiki yake, na tangu hapo hakuna mteja aliyeitazama. Akaenda nyumbani, akaivika kifuniko cha arobaini alichookota gereji, penye kupwaya akashindilia sponji. Jioni akaileta.

"Mama, teknolojia mpya hii. Nguvu ya arobaini, kunywa inakunywa kama kumi na tano."

"Weee!"

"Lita nne, Tidore kwenda na kurudi. Zikiisha njiani, chukua mashine bure!"

Kibanda kizima kilimsikia, maana Iksan akidanganya hupaza sauti. Hesabu yake ilikuwa safi: boti tupu, watu wawili, bahari imelala.

Kesho yake alikuta botini wanawake kumi na wanne waliovalia nguo za harusi, masinia ya vyakula, spika mbili na mbuzi.

"Mama, hawa nani?"

"Ndugu zangu. Binti yangu anaolewa Tidore leo. Arobaini si inabeba hawa, au?"

Angesema nini? Kukataa ni kukiri. Akapanda, akakaa ubavuni mwa mbuzi.

Mashine ililia kwa uchungu. Bi Nurlaila akaifungulia mafuta mpaka mwisho. Boti ikainua pua, ikaghairi, ikakaa. Mzee mmoja akawapita kwa kasia na kuwapungia mkono.

"Baba, mbona arobaini yako inanuka godoro?" shangazi mmoja akauliza.

"Ndiyo upya wake, shangazi."

Gati la Tidore likiwa linaonekana, petroli ikaisha. Mashangazi wakamwaga keki mapajani, wakapiga makasia kwa masinia, wakiimba na kumtaja Iksan katika kila ubeti.

"Ulijua, mama?" akanong'ona walipofika.

"Jana uliibeba begani peke yako. Arobaini hubebwa na wanaume wawili, na wote wawili hulalamika."

"Basi nirudishie, tafadhali. Umeona mwenyewe haikufai."

"Kwa boti hii, kweli haifai. Ndogo ukiitwika mzigo mkubwa inakunywa kuliko kubwa." Akamwita bwana harusi, mvuvi mwembamba mwenye mtumbwi mwembamba. "Lakini kwa mtumbwi wa mkwe wangu ndiyo saizi yake. Arobaini ingemfilisi. Na zawadi nilikuwa sijanunua."

Mashahidi wa kibanda cha kahawa walikuwa wengi mno kubishana nao. Bwana harusi akamkumbatia Iksan huku machozi yanamtoka, akamwita mfadhili, akamsihi aifunge kwa mkono wake mwenyewe ili apigwe picha. Iksan akaifunga.

"Kaka, usinifiche," kijana akasema. "Inakunywa kiasi gani?"

Iksan akaitazama pikipiki yake yote iliyoning'inia nyuma ya mtumbwi. Kwa mara ya kwanza wiki nzima, akasema kweli.

"Kidogo sana," akasema, na akaanza kulia.